Daftari la Kirikuu

Napakia mzigo Kariakoo saa 11 alfajiri. Ukichelewa hata nusu saa, mikokoteni imeshajaa, machinga wameshatandika, na gari lililosimama linageuka kuwa kosa la jinai machoni pa kila apitaye. Ninaendesha kirikuu, yale magari madogo ya mizigo yenye uso bapa. Nasema "langu" kwa mazoea tu, kwa sababu ni la bosi mwenye duka la jumla. Napeleka sabuni, mafuta ya kupikia, biskuti, unga na viberiti kwenye maduka ya rejareja ya Barabara ya Bagamoyo, kuanzia Mwenge, Tegeta, Boko, Bunju, Mapinga, Kerege, hadi Bagamoyo mjini. Kwenda tu ni kama kilomita 70.

Nalipwa kwa siku ya safari, silipwi kwa saa. Neno "saa" halimo kabisa katika makubaliano yetu na bosi. Yamo maneno "ukimaliza". Ukimaliza maduka yako, unarudisha gari na hesabu, unachukua chako. Ukimaliza saa 10 jioni, vema. Ukimaliza saa 3 usiku, shauri yako.

Miaka mitatu iliyopita nilianza kuandika muda. Nilinunua daftari dogo la kurasa 96 na kulichomeka juu ya dashibodi, na kila gari liliposimama niliandika saa, na kila lilipoondoka niliandika tena. Utingo wangu, kijana wa Mbagala aliyekuwa na mimi tangu siku ya kwanza, alicheka. "Kaka, unataka kuwa karani?" Nilimwambia nataka kujua siku yangu inaenda wapi.

Baada ya wiki mbili nilijua. Chukua Jumanne moja, ambayo haikuwa mbaya wala nzuri. Tulianza saa 11 alfajiri, tukamaliza saa 12 jioni: saa 13. Magurudumu yalizunguka saa 5, nikihesabu na ule mwendo wa kinyonga wa foleni. Kushusha mzigo kwenyewe, kubeba katoni kutoka garini hadi ndani ya duka, kulichukua saa 2 na dakika 10. Zilizobaki, saa 5 na dakika 50, tulikuwa tunasubiri. Kusubiri stoo ifunguliwe. Kusubiri mwenye duka atoke msikitini. Kusubiri ahesabu katoni, halafu ahesabu tena kwa sababu simu iliita katikati. Kusubiri mtandao urudi ili pesa ya simu iingie. Kusubiri mtoto aliyetumwa kutafuta chenji, na mtoto mwingine aliyetumwa kumtafuta yule wa kwanza.

Karibu nusu ya siku yangu haikuwa kazi wala mapumziko, na hakuna aliyekuwa akiilipa.

Nimekuwa msomaji wa historia tangu shule, msomaji wa hovyo, wa kuokota vitabu vya mtumba na kusoma nikiwa kwenye foleni. Kwa hiyo nilipoanza kujiuliza habari za muda na mizigo, sikuhitaji kwenda mbali. Jina la mahali ninapopakia lenyewe linatokana na wabeba mizigo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, waliweka kambi ya kikosi chao cha wapagazi wa kijeshi hapa. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na vinywa vyetu vikakifanya Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, kutoka kikosi hichohicho.

Watu wengi wa Dar wanaijua habari hiyo ya jina, na huitaja kama kichekesho kidogo cha lugha. Hesabu iliyo nyuma ya jina haichekeshi. Vita ile ilipiganwa katika nchi ambayo sehemu kubwa yake mbung'o walikuwa wanaua farasi, ng'ombe na punda, na mvua ilikuwa inazamisha malori. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Upande wa Uingereza pekee wapagazi waliotumika katika vita nzima wanakadiriwa kufika milioni 1, na waliokufa karibu 100,000, wengi wao kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa, si kwa risasi.

Kwa nini njaa, wakati wao ndio walikuwa wamebeba chakula? Hapa dereva yeyote anaelewa haraka kuliko jenerali. Mpe mtu kilo 25 za unga abebe. Ale kilo 1 kwa siku. Baada ya siku 25 atakuwa ameula mzigo wote na hajamfikishia mtu hata kijiko. Na kwa kuwa lazima arudi, basi mwisho wake ni siku 12 za kwenda. Zaidi ya hapo hana faida kwa jeshi. Ni kama mafuta ya gari. Kila nikipata oda ya katoni mbili za biskuti kutoka ndani kabisa ya Zinga, barabara ya mchanga, najua kirikuu itakunywa faida yote kabla sijafika. Mimi huweza kuikataa oda, au kuisubiri hadi ziwe katoni kumi. Majemadari wa 1917, wakimfukuza Lettow-Vorbeck kuelekea kusini, hawakuacha. Waliongeza wapagazi wa kuwabebea wapagazi chakula, na wengine wa kuwabebea hao, na pale hesabu ilipogoma walipunguza posho. Mtu akabeba mzigo uleule kwa chakula pungufu. Kwenye karatasi ufanisi ulipanda.

Posho. Neno hilo ni la zamani kuliko vita ile, na ndilo lililonifanya nirudi nyuma zaidi, hadi kwenye barabara yangu mwenyewe. Bagamoyo, ninakomalizia safari, ndiko misafara mingi ya karne ya 19 ilikoanzia kuelekea Tabora na Ujiji. Wapo wanaosema jina lake ni "bwaga moyo", na wanabishana ni nani aliyeubwaga, mtumwa aliyekata tamaa au mpagazi aliyefika mwisho wa safari. Sitaingia katika ubishi huo. Ninachojua ni kwamba wabebaji wengi wa misafara ile, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu wa ujira na wa fani. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima kuonyesha hivyo. Walikuwa na mapatano ya malipo, walikuwa na majira yao ya safari, na mvua zilipokaribia walitaka wawe nyumbani kulima, umpende usimpende mwenye msafara.

Na walikuwa na saa yao. Safari iliondoka alfajiri, kirangozi mbele na bendera, na ilipofika karibu adhuhuri watu walitua mizigo. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, tena mtu alibeba na sufuria yake, mkeka wake na chakula chake juu ya hapo. Mwendo wa jua kali hawakuutaka. Palipokuwa na nyika isiyo na maji, ndipo walipokubali kutembea mchana hadi usiku ili wavuke haraka, na mwendo huo ulikuwa na jina lake maalumu: terekeza. Lile neno ninalipenda. Linaonyesha kwamba kutembea mchana kulikuwa jambo la pekee, lililohitaji sababu na jina. Siku zangu mimi zote ni terekeza, na hazina jina.

Richard Burton alitoka pwani, karibu na hapohapo Bagamoyo, mwishoni mwa Juni 1857, akafika Tabora Novemba 7 baada ya siku 134. Ukisoma alivyoandika, kurasa na kurasa ni malalamiko: wapagazi wavivu, wapagazi wanachagua mizigo, wapagazi wanagoma kuondoka. Nilipomsoma mara ya kwanza, nikiwa kijana, nilimuonea huruma. Nilipomsoma tena na daftari langu dashibodini, nilimsikia bosi.

Ila kuna jambo moja ambalo Burton hakulikwepa, wala mwenye msafara mwingine yeyote. Msafara ulisimama sana. Ugogoni, kila mtawala alitaka hongo yake kabla ya kufungua njia, na mapatano yaliweza kula siku kadhaa. (Hongo wakati huo ilikuwa ushuru wa njia, unajadiliwa hadharani mbele ya kila mtu. Kuhusu hongo ya barabara ya leo sitasema kitu, nina leseni ya kulinda.) Siku hizo zote za kusubiri, mpagazi alikula. Kibaba cha nafaka kwa siku, au kitambaa cha kukinunulia, kilitoka kwa mwenye mali. Atembee, asitembee, posho ilikuwa pale pale. Kwa hiyo kusubiri kulimuuma tajiri mfukoni, na ndiyo maana tajiri ndiye aliyekuwa na haraka.

Sisemi maisha yale yalikuwa mazuri. Watu walikufa kwa ndui njiani na kuachwa, na pamoja na misafara ya wenye ujira ilikuwapo misafara ya watu waliofungwa minyororo. Nasema tu kwamba gharama ya kusubiri ilijulikana ni ya nani.

Reli ndiyo iliyoyafuta hayo yote. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Siku 134 za Burton zikawa siku mbili tatu, na fani iliyokuwa imelisha vizazi Unyamwezini ikaisha kati ya mtu kuzaliwa na kuoa.

Sasa nirudi kwenye daftari, maana sijasema nililitumiaje.

Nilianza na upakiaji. Tulikuwa tunapakia kama mzigo unavyotoka stoo, halafu kila duka tunafukua. Nikapanga upya, duka la mwisho liingie kwanza, duka la kwanza likae mlangoni. Dakika 40 zikapatikana hapo. Kisha simu. Kila jioni nilimpigia mwenye duka wa kesho, "Mama, nakuja kesho kama saa 4, niandalie nafasi na chenji." Wengine walisahau, lakini wengi hawakusahau.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa kuvuka barabara. Tulikuwa tunakwenda duka kwa duka kwa ukaribu, kushoto, kulia, kushoto, na kila kukata kulia kwenye Barabara ya Bagamoyo ni kusimama katikati ukiomba mtu akuonee huruma. Kampuni ya UPS ya Marekani, iliyoanzia Seattle mwaka 1907, inajulikana duniani kwa kupanga njia ambazo dereva hakati kushoto isipokuwa pale panapobidi, kwa sababu kule wanaendesha upande wa kulia na kukata kushoto ndiko kunakowasimamisha. Sisi ni kinyume chao. Nikagawa maduka mafungu mawili: ya mkono wa kushoto tunayashushia tukienda, ya ng'ambo tunayashushia tukirudi. Nilijisikia mjinga kwamba sikuliona jambo hilo miaka yote.

Mwezi wa pili tulikuwa tunamaliza saa 9 alasiri. Saa 3 nzima. Utingo aliacha kucheka, akaanza kunikumbusha mwenyewe kuandika. Alijiandikisha kujifunza udereva jioni. Mimi nilikuwa nafika nyumbani binti yangu hajalala, na kwa mara ya kwanza nilijua anachofundishwa hisabati.

Halafu nikafanya kosa. Nilimwonyesha bosi.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilijivuna, basi. Nilifungua daftari juu ya kaunta, nikamweleza kurasa kwa kurasa, naye alisikiliza vizuri kuliko alivyowahi kunisikiliza. "Kumbe wewe ni mtaalamu," alisema. Wiki iliyofuata kirikuu ilifungwa jipiesi. Mwezi uliofuata maduka yalipanda kutoka 18 hadi 26. Na mwisho wa mwezi huo aliniita pembeni, akaniambia kwa kuwa mzigo sasa unapangwa vizuri na wateja wanajiandaa, haoni haja ya watu wawili garini. Mimi angeniongeza. Nilikuwa napata 25,000 kwa siku. Sasa ningepata 28,000.

Utingo alikuwa anapata 12,000. Hesabu hiyo niliifanya siku ya tatu nikiwa peke yangu Kerege, mgongo umekufa, dumu la mafuta la lita 20 begani. Bosi aliokoa 12,000 akanipa 3,000 kati yake. Na maduka 8 ya ziada yalikuwa bure.

Kuna mtu ambaye alikwisha kuifanya hesabu hii kabla yangu, tena akaiandika kwa fahari. Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani, alichapisha kitabu chake juu ya usimamizi wa kisayansi mwaka 1911. Wanaosomea biashara wanamjua kama baba wa kupima kazi kwa saa ya mkononi. Nilichokuwa sikijui mpaka nilipokisoma ni kwamba mfano wake maarufu ni wa mbeba mzigo. Katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, mwishoni mwa karne ya 19, wafanyakazi walikuwa wanapakia vipande vya chuma kwenye mabehewa, kila kipande karibu kilo 42. Mtu mmoja alikuwa anapakia tani 12 na nusu kwa siku. Taylor alimchagua mmoja anayemwita Schmidt, akamwekea msimamizi mwenye saa: sasa beba, sasa pumzika, sasa beba. Schmidt akapakia tani 47 na nusu. Mshahara wake ukatoka dola 1 na senti 15 kwa siku hadi dola 1 na senti 85.

Yaani kazi iliongezeka karibu mara nne, na malipo asilimia 60. Wanahistoria waliopekua kumbukumbu za kiwanda baadaye walionyesha kwamba Taylor aliipamba sana hadithi hiyo. Hilo halinishangazi. Kinachonishangaza ni kwamba hata alipokuwa anaipamba, hakuona haja ya kuupamba mshahara.

Tofauti yangu na Schmidt ni kwamba yeye alisimamiwa na mtu mwingine mwenye saa. Mimi saa nilishika mwenyewe.

Nilikutana na utingo miezi miwili baadaye, Mtaa wa Msimbazi, anasukuma mkokoteni. Mafunzo ya udereva aliyaacha katikati, ada. Nilijiandaa kwa maneno makali, sikuyapata. Alisimamisha mkokoteni, akajifuta jasho, akasema, "Kaka, daftari lako lile limenifukuza kazi," halafu akacheka kile kicheko chake cha siku ya kwanza, na kilichoniuma ni kwamba hakuwa anatania wala hakuwa amekasirika. Ilikuwa taarifa tu.

Nilikwenda kwa bosi. Nilimwambia mtu mmoja hawezi kushusha maduka 26 na kulinda mzigo uliobaki garini. Katoni mbili za sabuni zilishaibwa Bunju nikiwa ndani nahesabiwa pesa, na zilikatwa kwangu. Alinionyesha simu yake. Kwenye ramani kulikuwa na kinukta cha kijani na orodha ya vituo: Tegeta dakika 22, Boko dakika 31. "Hapa Boko ulikuwa unafanya nini dakika 31?" Nilikuwa nasubiri. "Unasubiri nini?" Nilimweleza habari ya mtandao. Alisema wateja wote wana mtandao. Kile kinukta kinajua gari limesimama, na kwake gari lililosimama ni dereva aliyelala.

Nikajaribu kumweleza habari ya posho. Ndiyo, kwa kweli nilijaribu, nikiwa nimesimama kwenye duka la jumla Kariakoo, kumweleza bosi wangu kwamba miaka 150 iliyopita mtu wa Unyamwezi akisubiri alilishwa. Alinitazama kama mtu mwenye homa. Kisha akaniuliza kama nimeshamwaga oili.

Kwa hiyo sasa mambo yako hivi. Daftari bado ninalo, la nne sasa, lakini silionyeshi kwa mtu. Maduka ni 26. Nimejifunza kwamba dakika zangu nisizimalize zote mahali zinapoonekana, kwa hiyo nikipata nafuu Mwenge huwa naenda polepole hadi Tegeta, ili wastani usishuke nikaongezewa duka la 27. Naamini wapagazi wa Burton walilijua hilo, na ndilo aliloliita uvivu.

Siku za Bagamoyo, Jumanne na Ijumaa, mzigo unakuwa mzito. Siku hizo kijana wa Mbagala ananisubiri Mwenge saa 1 asubuhi, na anapanda. Namlipa 8,000 kutoka kwenye zile 28,000. Si deni lote, na yeye anajua si deni lote. Tukiwa wawili tunamaliza saa 11 jioni. Peke yangu ni saa 2 usiku. Wiki iliyopita, tukisubiri mama mmoja wa Bagamoyo amalize kuswali adhuhuri, alinyoosha mkono akachukua daftari dashibodini, akatazama saa kwenye simu, akaandika muda tuliofika. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Bosi akitazama simu yake anaona kinukta kimoja cha kijani, kimesimama, karibu na bahari.